Ukuta wa Bucha ya Majengo

Siku mliponikatia keki ya kuniaga pale kituoni Meru, mmoja wenu, Kendi wa vipindi vya jioni, aliniuliza, "Madam Kagwiria, hivi wewe ulikuwa unatangazaje picha kwa redio? Si mtu haoni?" Nilikuwa na keki mdomoni na mkuu wa kituo alikuwa amesimama tayari kuhutubu, kwa hiyo nilitikisa kichwa tu kama mtu mwenye hekima. Sasa niko nyumbani Mikinduri, wakati ninao, na kuku hawaniulizi chochote. Nitamjibu Kendi, na nyinyi wengine msikilize.

Nilifika Embu miaka ya themanini, nikitoka kufundisha shule ya msingi, nikiwa na hakika kwamba najua Kiswahili. Kituo chetu kilikuwa kidogo. Saa nyingine tulitangaza kwa Kiswahili, saa nyingine kwa lugha za nyumbani, na tulikuwa wachache hivi kwamba aliyesoma habari za asubuhi ndiye aliyesoma bei ya kahawa, na ndiye aliyeigiza mama mkwe katika mchezo wa jioni. Siku ya kwanza nilipewa karatasi ya habari niisome kwa majaribio mbele ya fundi wa mitambo aliyeitwa Mwaniki.

Mwaniki alikuwa mtu wa Runyenjes, mfupi, mwenye koti la kijivu ambalo mikono yake ilijaa vipande vya kanda alivyobandika hapo ili asivipoteze. Alinirekodi, akarudisha kanda nyuma, akanisikilizisha sauti yangu mwenyewe. Kama hujawahi kusikia sauti yako ikitoka kwenye spika, jiandae kumhurumia mtu usiyemjua.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia. Nimesoma bila kukwama."

"Kukwama hujakwama. Lakini umesema 'selikari'. Serikali ikisikia itadhani unamsema jirani yake."

Akafungua droo akanipa penseli. "Iume kati ya meno, usome gazeti kwa sauti. Ukieleweka ukiwa nayo, bila hiyo utakuwa malaika." Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Dallas, na kila jioni nilikaa kitandani na penseli mdomoni nikisoma habari za bunge huku mate yakinitoka. Mama wa chumba cha pili alibisha hodi siku moja akaniuliza, kwa upole kabisa, ni kanisa gani hilo ninalosali. Penseli hiyo ilinifaa kuliko kozi zote nilizopelekwa baadaye. Ijaribuni, ila msitumie ya rangi.

Matangazo ya vifo ndiyo yaliyonifundisha kuheshimu majina. Ukikosea jina la waziri, waziri hatajua. Ukikosea jina la marehemu, ukoo mzima unakuja kituoni na kukaa kwenye nyasi. Nilijifunza kumwomba aliyeleta tangazo anitamkie kila jina huku nikimtazama midomo. Mpira nao nilitangaza mara moja tu, mtangazaji wetu alipougua ghafla uwanjani. Sikujua kuotea ni nini, na mpaka leo sina uhakika. Nilieleza nilichokiona: nani anakimbia, nani ameanguka, nani anamfokea refa, na mbuzi aliyeingia kwa upande wa kushoto akala nyasi za kwenye kona bila haraka. Watu walinisimamisha barabarani kuniambia kwamba walimwona yule mbuzi. Nani alishinda, hakuna aliyekumbuka.

Nafikiri mbuzi huyo ndiye aliyenipatia kipindi cha sanaa. Kilikuwa cha nusu saa, Jumamosi alasiri, wakati ambao hakuna mtangazaji mwingine aliyeutaka. Nilizunguka na Mwaniki na mashine ya kurekodia iliyokuwa nzito kama gunia la viazi, mkanda wake ukinikata bega, na kipaza sauti kilichovishwa soksi ya Mwaniki kuzuia upepo. Soksi ilikuwa safi, nawahakikishia. Tulirekodi kwaya, tukarekodi wapiga ngoma wa upande wa Chuka, tukarekodi michezo ya kuigiza ya shule. Vitu vyenye sauti havikunisumbua. Shida ilianza tulipokwenda Mbeere kwa mama mmoja mfinyanzi. Chungu hakisemi. Nilisimama mbele ya chungu, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba ni kizuri sana, kweli kizuri ajabu. Mwaniki akazima mashine.

"Kizuri ni kitu gani?" akauliza.

"Si unakiona?"

Akageuka, akakipa chungu mgongo. "Sasa sikioni. Haya, niambie."

Tangu siku hiyo tulifanya kazi hivyo. Popote palipokuwa na kitu cha kutazama, Mwaniki alikataa kukitazama mpaka tumalize kurekodi. Alisimama akiangalia upande mwingine, vipokea sauti masikioni, na nilipomwacha gizani aliuliza. Kipo wapi? Ni kikubwa kama nini? Kinaanzia chini au juu? Mikono ya huyo mama imekaaje? Mwanzoni nilichukia. Baadaye nikaona kwamba maswali yake yananifanya nione vitu ambavyo macho yangu yalikuwa yameshavipita, na nikawa na hamu ya kujua atauliza nini.

Ukuta niliokusudia kuuandika niliukuta kwa sababu ya nusu kilo ya nyama. Kulikuwa na bucha mtaa wa Majengo, karibu na msikiti, ya mtu aliyeitwa Ramadhani. Familia za mtaa ule zilitokana na watu waliokuja Embu kutoka pande nyingi, wengine wakifuata kazi, wengine wakifuata ng'ombe, wakaoana hapo hapo mtaani, na Kiswahili kikawa lugha yao ya nyumbani. Niliingia, nikajiunga na foleni, nikainua macho. Kuta tatu za ndani, kuanzia kifuani mpaka darini, zilikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wekundu, weusi, wa madoa, wakubwa na ndama, wakitembea kwa pamoja. Na wote walikuwa wametupa mgongo. Nilitafuta uso mmoja nisiuone. Foleni ilisonga bila mimi.

Ilipofika zamu yangu nikauliza, "Hawa ng'ombe nani amechora?"

"Mwenye bucha," akasema mtu aliyekuwa akinoa kisu. Alikuwa mrefu, mtu mzima, mwenye aproni iliyofuliwa mpaka ikaanza kupauka.

"Mwenye bucha ni nani?"

"Ndiye anataka kukukatia nyama."

"Mbona wote wametupa mgongo?"

"Wanaenda."

"Wanaenda wapi?"

Ramadhani akanitazama kwa mara ya kwanza. "Dada, unataka na mifupa ama bila?"

Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Sijawahi kula nyama nyingi kama mwaka ule. Kidogo kidogo alifunguka. Marehemu baba yake, Mzee Juma, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuwa akinunua mifugo huko juu upande wa Isiolo na kuiteremsha kwa miguu hadi Embu. Ukuta wa kulia ulikuwa nchi kavu, vumbi na migunga. Ukuta wa nyuma ulikuwa vilima vya Meru, kijani, na ukungu aliouchora kwa chokaa iliyotiwa maji. Ukuta wa kushoto ulikuwa mteremko wa mto Nithi na kupanda tena, mpaka mapaa ya mabati ya Embu karibu na mlango. Nyuma ya kundi lote, chini kabisa ya nchi kavu, alikuwa mwanamume mmoja aliyelaza fimbo mabegani. Yeye pia alikuwa ametupa mgongo.

Kuhusu nyuso aliniambia jambo moja tu. Mama yake, Bi. Halima, hakutaka michoro ya viumbe wenye uhai. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyoamini. Ramadhani alidhani kwamba asipochora nyuso mama ataridhika. Hakuridhika. Tangu mstari wa kwanza ulipochorwa, hakuwa amekanyaga bucha ile, ingawa aliishi nyumba ya nyuma, mlango kwa mlango. Nyama yake ilipelekwa na mjukuu.

"Hagombani nawe?" nikauliza.

"Mama yangu hagombani. Haji tu."

Ndipo likaja agizo. Bucha zote za mji zipakwe rangi nyeupe ndani, rangi ya mafuta inayoweza kuoshwa, na asiyepaka leseni yake haitaandikwa upya. Afisa wa afya aliyepita kukagua, Bwana Njeru, alisimama mbele ya ule ukuta kwa muda akatikisa kichwa, akatoa karatasi. Niliposikia nilikwenda mbio. Nilikuwa na umri wa kutaka kupigana na mtu. Nilimwambia Ramadhani tukusanye sahihi, twende kwa mkuu wa wilaya, nitaleta walimu, nitaleta padri.

Alikuwa akipanga maini kwenye sinia. "Dada Kagwiria, usinianzishie vita. Mimi nauza nyama. Nitapaka."

"Na ukuta?"

"Ukuta utakuwa mweupe."

"Kwa hiyo mimi nifanye nini? Nikae tu?"

Akafikiri. Akafunika maini kwa kitambaa. "Wewe si unasema kwa redio? Basi sema. Mama yangu husikiliza redio."

Tulirekodi alasiri, nyama ikiwa imekwisha na sakafu imeoshwa. Mwaniki aliingia akiwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, akishika ukingo wa kaunta kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yenye giza, akaweka mashine juu ya kaunta na kugeukia barabara. Watoto wa madrasa walisimama nje kumshangaa mtu aliyeingia kwenye bucha ile akakataa kuangalia ukuta. Nilianza na ukuta wa kulia. Nikaeleza vumbi. Nikaeleza migunga, jinsi alivyoichora kwa mikwaruzo kama ya kucha. Nikahesabu rangi za ng'ombe kwa majina ya rangi za ng'ombe, maana mkulima hasemi kahawia. Mwaniki aliuliza mikia imeelekea wapi. Aliuliza kama ndama yuko karibu na mama yake au ameachwa. Aliuliza ukungu unaanzia wapi. Nilikuwa natokwa na jasho.

"Na huyo mtu?" akauliza mwisho.

"Amelaza fimbo mabegani, mikono ameitundika juu yake. Amevaa kanzu iliyokunjwa kiunoni."

"Anatembea vipi?"

"Amechorwa, Mwaniki. Hatembei."

"Umesema ng'ombe wanatembea. Yeye je?"

Nikasogea. Nilikuwa nimemtazama mtu yule wiki nyingi, lakini sikuwa nimeliona hili: bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Si sana. Nikasema hivyo kwenye kipaza sauti. Nikasema ni kama mtu aliyebeba debe la maji upande mmoja siku nzima, akalitua, lakini bega halijapata habari. Na kisigino cha mguu wa kushoto kimekanyaga kwa ukingo wa nje, kiatu kimelika huko. Ramadhani alikuwa nyuma ya kaunta. Nilimsikia akivuta pumzi, na sauti hiyo iliingia kwenye kanda. Sikuikata.

Kipindi kilikwenda hewani Jumamosi. Jumatatu bucha ilijaa watu wasionunua. Walimu walikuja na madarasa, wakulima walikuja na mabuti ya shamba, na kila mmoja alikuwa na ubishi. Mzee mmoja alisema mto ule si Nithi, ni Thuci, na akatoa sababu zake mpaka akaombwa kupisha mlango. Bwana Njeru naye alikuja. Nilijiandaa kwa maneno makali. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Wewe ndiye ulisema hapa kwa redio?"

"Ndiyo, bwana."

"Uliwafanya watu wanione mimi ni adui wa ng'ombe." Alikuwa karibu kucheka. "Sikiliza. Ukuta mweupe unasema ukweli. Nzi akitua unamwona. Damu ikiruka unaiona. Hapa kwenye ng'ombe mwekundu, mimi nitajuaje?" Akapitisha kidole kwenye mgongo wa fahali mmoja, akakitazama, akakifuta. Kisha akamgeukia Ramadhani. "Agizo siwezi kubadilisha. Lakini watu wako wamalizie kuona. Utapaka Jumamosi."

Mpaka leo sijapata jibu la hoja yake ya nzi. Najua tu kwamba alirudi Alhamisi bila kalamu, na watoto wake wawili, kutazama.

Ijumaa mchana, watu wakiwa wametoka kuswali, nilikuwa nimesimama mlangoni, Ramadhani akiwa kwenye kaunta. Mwanamke mzee aliyevaa buibui alitoka kwenye uchochoro wa nyuma, akaja mpaka kwenye kizingiti, akasimama hapo. Alikuwa mwembamba na wima. Ramadhani aliweka kisu chini.

"Wewe ndiye wa redio?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulisema bega la kushoto."

"Nilisema, mama."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Liko ukutani."

Bi. Halima akatazama kizingiti kwa muda. Kisha akainua ukingo wa buibui, akaingia. Wateja wakamwachia nafasi bila kuambiwa. Hakutazama ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja mpaka kona ya kulia, akasimama mbele ya yule mwanamume, karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ramadhani."

"Labeka, mama."

"Baba yako hakulaza fimbo begani. Aliishika mkononi, hivi. Nilikuwa nikimwona akija, namjua kwa ile fimbo."

"Akifika pale kwenye mti wa posta alikuwa akiishusha, mama. Anajifuta uso, anaishika hivyo, ndiyo anaingia mtaani. Njiani alikuwa akiilaza. Alikuwa akichoka."

"Alikuwa akisema njia ni rahisi."

"Kwako alikuwa akisema hivyo."

Mama akarudisha macho ukutani. Ramadhani akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mimi nilikuwa mdogo, alinitembeza nyuma ili ndama wasibaki. Safari zote nilizokwenda, mimi nilikuwa wa nyuma kabisa. Sikuona uso wa ng'ombe wala wake. Hivi ndivyo nilivyowaona."

Nilikuwa nimemuuliza swali lile la migongo mara nyingi, na zaidi ya kuniambia kwamba wanaenda, alinipa sababu ya imani ya mama yake tu. Labda hata yeye jibu hili alilipata siku ile, akimjibu mtu aliyestahili kulisikia. Kipaza sauti kilikuwa kwenye mfuko wangu, na mashine ilikuwa imezimwa. Sikujaribu kuiwasha. Wengine wenu mngeiwasha, na sina hakika kwamba mngekosea.

Bi. Halima alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika ukutani. "Kesho wanapaka?"

"Kesho, mama."

"Waanze na ng'ombe. Huyu wamwache wa mwisho."

Jumamosi tulikwenda na Mwaniki. Bi. Halima alikuwa ameletewa kigoda, akakaa katikati ya bucha asubuhi nzima na mikono mapajani. Ramadhani alipaka mwenyewe, pamoja na binamu yake mmoja. Sikuwa na la kueleza, kwa hiyo tulirekodi burashi. Burashi pana kwenye ukuta wa plasta ina sauti ya mtu anayefagia mbali, na rangi inapokauka kwenye nywele za burashi sauti inakuwa kavu zaidi mpaka ichovywe tena. Mwaniki alikuwa amegeukia barabara kama kawaida yake. Katikati ya kazi nilimwona anageuka. Aliweka vipokea sauti shingoni akautazama ukuta wa kushoto, ambao ndio pekee uliobaki pamoja na kona ya yule mtu.

"Mto ni Nithi," akasema mwisho, akageuka tena.

Walipofika kwa Mzee Juma, Ramadhani alimwambia binamu yake aweke burashi chini. Alimpaka peke yake, kuanzia miguuni kwenda juu. Mikono, fimbo, bega la kulia, bega la kushoto. Kwenye kanda yetu burashi ilisikika ikienda na kurudi, kisha ikanyamaza, na sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Haya." Basi. Tulirusha hewani dakika chache za burashi na neno hilo, bila maelezo yangu yoyote. Mkuu wa kituo aliniita kuniuliza kama mitambo ilikuwa imeharibika.

Msidhani kwamba Bi. Halima alibadilisha msimamo. Nilimtembelea mara kadhaa baadaye, akanipa chai ya tangawizi, na aliniambia waziwazi kwamba michoro ile haikufaa na kwamba ni vizuri imekwisha. Lakini alikuwa akija bucha kuchagua nyama yake mwenyewe, na alimgombeza mwanawe kuhusu mafuta kama mteja mwingine yeyote. Aliniuliza pia mambo mengi kuhusu redio. Alitaka kujua kama sauti yangu inatoka kwangu ikiwa na joto.

Kanda haipo. Wakati huo kanda zilikuwa adimu na zilifutwa ili zitumike tena, na juu ya burashi na "Haya" ilirekodiwa, kama sikosei, mada kuhusu kupe. Nilipokea habari hiyo vibaya kuliko Ramadhani. Yeye alisema ng'ombe wake walikuwa na kupe tangu mwanzo.

Baada ya hapo mhariri mmoja wa gazeti, aliyepitia Embu kwenda matangani, alinitaka niandike makala kuhusu ukuta ule, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye uandishi. Nilidhani kuandika kutakuwa rahisi zaidi kwa kuwa unaweza kufuta. Niliandika kwamba ni mchoro wa kuvutia wenye hisia nzito. Nikampelekea Mwaniki, akakaa akinipa mgongo, nikamsomea. Sentensi ya kwanza haikumaliza safari, maana aliinua mkono na kuuliza hisia nzito zina uzito kama wa nini. Makala zangu zote, za wachongaji, za waimbaji wa harusi, za tamthilia, za fundi mmoja wa soko la Gakoromone aliyechora majina ya maduka kwa herufi zenye vivuli, zilipitia kwenye mgongo wa Mwaniki mpaka alipostaafu. Baada ya hapo nilizisomea kabati.

Nilihamishiwa Meru redio za FM, za masafa ya karibu, zilipoanza, nikawakuta nyinyi, au kaka na dada zenu. Mnakumbuka nilivyowasumbua. Mliniletea mahojiano na msanii ambapo mmemuuliza anajisikiaje, na mimi nikawauliza alikuwa amevaa viatu gani. Sikuwa nakejeli. Nilitaka kujua.

Kendi, jibu langu ndilo hilo, na naona limekuwa refu kuliko keki. Tafuta mtu wa kukupa mgongo, na asiwe na aibu ya kukuuliza. Usimtafute mpole.

Lakini kuna jambo la siku yangu ya mwisho hewani ambalo hamkulisikia, kwa sababu mlikuwa nje mkipanga viti. Nilikuwa nimeandikiwa maneno ya kuaga. Niliyaangalia, yalikuwa na shukrani nyingi, nikayaweka kando. Nikawaambia wasikilizaji kwamba kwa miaka yote hii nimewaeleza vitu vya watu wengine, sasa nitawaeleza chumba nilimo. Nikawaambia kina ukubwa wa jiko la mwalimu. Kuta zimebandikwa zulia kuukuu la rangi ya maboga, limebanduka kwenye kona moja na mtu amelishikilia kwa plasta ya kidonda. Kuna meza yenye alama za vikombe, viti viwili, kimoja kinalia ukiegemea. Dirisha ni la kioo na halifunguki. Mlangoni kuna taa nyekundu ya kuonya kwamba tuko hewani, imeungua, tumebandika karatasi badala yake.

Simu ikalia. Nikaipokea hewani. Alikuwa mwanamke wa Nkubu, mtu mzima kwa sauti, akanisalimia kwa Kimeru.

"Muga, Kagwiria. Hicho chumba umesema ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Kumbe ni kadogo hivyo? Mimi miaka yote nilijua ni kama kanisa. Nilikuwa nikisikiliza nikiwa jikoni, naona umesimama mbele, watu wamejaa mpaka nje."

"Hapana, mama. Niko peke yangu na meza."

Nilisikia kwake sufuria ikichemka, na mfuniko ukicheza.

"Basi ulikuwa unaongea na mimi tu," akasema. Halafu, kwa ukali kidogo, kama mtu aliyegundua amecheleweshewa habari: "Si ungesema mapema, nivute kiti?"